Macho ya Kuazima

Kwa miaka mingi kazi ya Bi Nong'ona ilikuwa kukaa nyuma ya pazia, kitabu cha mchezo mapajani, na mwigizaji akisahau maneno yake, yeye humnong'oneza. Ni kazi isiyo na shukrani. Ukiifanya vizuri, hakuna ajuaye kama upo. Ukiikosea, ukumbi mzima unageuza shingo kukutafuta. Jina lile hakupewa na wazazi. Alipewa na waigizaji, likamganda mpaka fundi wa taa, waliyefanya kazi pamoja tangu wote wawili wana nywele nyeusi, alikuwa hajui kama ana jina jingine. Alikuwa mwanamke mtu mzima, asiye na haraka, mwenye sauti ya chini inayofika mbali, na mwenye baba mmoja asiyeambilika.

Baba mwenyewe ndiye yule Mzee Radi. Nikisema yule nina maana yangu. Zamani, kabla macho hayajamgeuka, katika ukumbi ule hapakuwa na mwigizaji mwingine. Walikuwepo tu watu waliosimama karibu naye. Mchezo uliompa jina ulikuwa ule wa mlinzi wa daraja, na watu walikuja kusubiri jambo moja tu: pale mlinzi anapoletewa habari kwamba mwanawe amezama mtoni. Mzee Radi alikuwa akipiga magoti, puu, mbao za jukwaa zikalia chini yake, kisha anaachia mngurumo ambao wauza magazeti walikuwa wakiusikia nje barabarani. Kina mama walitoka na vitambaa machoni. Wanaume walitoka wanakohoa, kila mmoja akidai vumbi limemwingia kooni.

Kisha ikaja presha ya macho. Ilimla polepole, kuanzia pembeni, kama panya anavyokula mkate, na siku aliyotambua kilichobaki ni kidogo, hata hicho kidogo hakikukaa. Mzee alijikaza. Alijifunza fimbo, alijifunza kumimina chai kwa kidole ukingoni mwa kikombe. Kilichomvunja hakikuwa giza. Kilichomvunja ni heshima.

Maana ukumbi ulimwalika, unaona, kumheshimu. Wakamkalisha kiti cha mbele kabisa, wakamtaja jina, watu wakasimama wakapiga makofi, akainama vizuri kama enzi zake. Mpaka hapo sawa. Kisha mchezo ukaanza, na katikati yake palikuwa na kituko kisicho na maneno, mambo ya mtu na kiti kinachokataa kukunjuka. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Radi hakujua wanacheka nini, lakini hakutaka aonekane hajui, basi naye akacheka. Akachelewa. Wenzake walikuwa wameshanyamaza, na sauti ile ya radi ikabaki inacheka peke yake kwenye ukumbi mzima. Alirudi nyumbani, akatundika koti, akamwambia binti yake kwamba na pale mahali wameachana. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kiti cha barazani na redio, na baadaye hata redio akaizima, akisema wasomaji wa siku hizi wanameza maneno kama vidonge.

Bi Nong'ona alimwona baba yake akipungua. Si mwili tu. Alipungua sauti. Mtu aliyekuwa akiomba chumvi ikasikika nyumba ya tatu, sasa alikuwa ananyoosha mkono tu. Usiniambie hilo ni jambo dogo kwa mtoto kuliona.

Sasa, kuhusu ukumbi wenyewe, nina neno. Nani aliwaambia wajenzi wa zamani kwamba sanaa lazima ipandiwe ngazi? Palikuwa na ngazi za kutoka barabarani, ngazi za kuingia ukumbini, ngazi za kwenda chooni, na ukishapanda zote unaambiwa karibu, jisikie uko nyumbani. Nyumbani kwa nani? Walipozinduka wakajenga njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, lakini waliijenga bila kumuuliza hata mtu mmoja anayekalia kiti hicho. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mpenzi wa michezo tangu utoto, alifika chini yake na kiti chake, akaitazama ilivyosimama kama paa la nyumba, akauliza kama kamba ya kukwelea inatolewa pamoja na tiketi. Na choo kipya chenye mlango mpana kilijaa mafagio na ndoo, kwa sababu, msafishaji alieleza, hakuna mlemavu aliyewahi kuja kukitumia. Angekujaje, jamani?

Aliyekuja kuyanyoosha mambo hayo ni mwongozaji mpya wa michezo, mwanamke mfupi mwenye maneno mafupi. Aliuvunja ule mteremko, ukajengwa upya fundi cherehani akiwa amekaa pale pale, anakubali na kukataa. Ndoo zikahama. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: na asiyeona, akishaingia na kukaa kitini, anapata nini?

Jibu alilileta Mwalimu. Huyu alikuwa mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, anafundisha historia shule ya sekondari, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa unapoongea naye, mpaka ukajikuta unachagua maneno. Yeye alieleza kwamba inawezekana: mtu anakaa kwenye kijichumba cha kioo juu, ubavuni mwa ukumbi, mbele ya kipaza sauti, na wasioona wanavaa vidude masikioni. Waigizaji wakinyamaza, yule mtu anasema kwa ufupi kinachotendeka. Wakianza kuzungumza, ananyamaza. Mwongozaji akauliza nani anayeijua michezo kiasi cha kujua kila pumzi ilipo. Wote wakageuka kumtazama Bi Nong'ona, naye akageuka kutazama nyuma yake.

Mwalimu alimfundisha bila huruma. Alikaa naye mazoezi yote ya mchezo wa mlinzi wa daraja, maana ndio uliokuwa unarudishwa jukwaani, na kila aliposema mlinzi ana huzuni, Mwalimu alimkatiza.

"Huzuni sijawahi kuiona wala sitaki kuoneshwa," alimwambia. "Niambie mikono yake iko wapi. Huzuni nitaitafuta mwenyewe."

Bi Nong'ona akashika. Akajua kutumia neno moja mahali pa matano. Kazi ikamkolea, na ndani ya kazi hiyo akaona mlango wa kumrudishia baba yake ukumbi wake. Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote. Mengine, sifa na nini, waliotaka wayachukue.

Mzee alikataa mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kuondoka barazani. Mara ya tatu binti yake alimwambia hamwombi aende kuwasikiliza wao. Anamwomba aende kumsikiliza yeye. Maisha yake yote amefanya kazi kwa kujificha nyuma ya pazia, sasa kwa mara ya kwanza ana kipaza sauti, na baba yake mzazi hajamsikia. Mzee akauliza ni nani aliyepewa mlinzi wa daraja.

Akaambiwa ni kijana mmoja, wenzake wanamwita Kinda.

"Kinda," mzee alirudia, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi uso wake ukafunguka. "Haya. Twende tukasikie hicho kinda kitangurumaje."

Hapo Bi Nong'ona alitakiwa kusema jambo, hakulisema. Mazoezini alikuwa ameshaona. Kinda hangurumi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, onyesho la mchana. Mwalimu alishikilia kwamba kabla ya milango kufunguliwa, wageni wasioona wapandishwe jukwaani washike vitu kwa mikono yao, nao wakapanda, kundi zima, wanacheka na kugongana fimbo. Wakapapasa ukuta wa daraja la mbao, wakapima kwa viganja koti la mlinzi na kofia yake. Mzee Radi hakupapasa sana. Alisimama katikati, akaegemea mguu wa kulia, akaegemea wa kushoto, mbao zikalia, naye akaguna kwa kuridhika. Hawakuzibadilisha. Aliporudi kitini alikuwa amenyoosha mgongo. Bi Nong'ona alimwona kutoka juu, kwenye kioo chake, na moyo ukamjaa.

Mchezo ukaenda vizuri. Alisema kuhusu mwanga wa asubuhi, mtoto anayepunga mkono akiwa upande wa pili, mlinzi anayefagia daraja lililokwisha kuwa safi. Alimwona baba yake anatikisa kichwa, anatabasamu, na pale penye mzaha akacheka pamoja na watu wote, papo hapo. Fundi wa taa, aliyekaa naye mle kwenye kioo, alimpa Bi Nong'ona kitambaa bila kumtazama.

Kisha ikafika ile sehemu. Mpeleka habari akaja, akasema neno lake, akaondoka. Chini kule, Mzee Radi akasogea ukingoni mwa kiti. Akainua kidevu. Alikuwa anasubiri mngurumo, unaona, alikuwa anausubiri wake mwenyewe utoke katika kifua cha mtu mwingine.

Kinda hakunguruma. Alivua kofia, kama mtu anayesalimia wageni. Akataka kuiweka juu ya ukuta wa daraja, akaiondoa. Akaipeleka kwenye kiti, akaiondoa. Akaitia kwapani. Akaitoa, akaishika kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kumtafuta wa kumwambia aiweke wapi, na hapakuwa na mtu. Ni hayo tu. Akabaki hivyo. Ukumbi mzima haukupumua.

Bi Nong'ona alifungua mdomo aseme habari ya kofia, na maneno yakakataa. Aliona kidevu cha baba yake kimeinuliwa. Akafikiri: nikimwambia, atajua. Atajua kijana ameiacha kabisa njia ya mzee na ameshinda. Ameshaporwa macho, leo nimpore na mngurumo? Na kitambo kilikuwa kinapita, lazima aseme kitu. Akasema yale aliyoyajua tangu utoto wake.

"Mlinzi anapiga magoti," alinong'ona kwenye kipaza sauti. "Anainua uso. Anafungua mdomo. Sauti haitoki."

Chini, kidevu kikashuka taratibu. Mzee akaegemea kiti. Bi Nong'ona alimwona akitikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mwanafunzi aliyekwama, naye akajiambia amefanya vyema. Kisha makofi yakalipuka na hayakutaka kuisha.

Nje ya ukumbi wageni walikuwa na furaha isiyo kifani. Kijana mmoja mwenye fimbo nyeupe alimshika mkono Bi Nong'ona akamshukuru, akaongeza kwamba alimwonea huruma yule mlinzi, maskini, kukaukwa sauti mbele za watu. Mwongozaji alikuwa anakumbatia kila aliyepita. Mwalimu peke yake hakushukuru. Aliinamisha kichwa tu, akaaga. Mzee Radi naye alimshika binti yake kiwiko wakatembea mpaka nyumbani kimya, na kimya cha mzee yule Bi Nong'ona alikijua. Kilikuwa na mzigo.

Walipofika hakutundika koti.

"Alifanya nini?" aliuliza.

"Nani, baba?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Kijana. Alifanya nini pale?"

Bi Nong'ona alianza kurudia ya magoti, lakini mzee alimnyamazisha kwa kiganja. Akaanza kumweleza, polepole, kwa sauti ya chini iliyouma kuliko mngurumo. Mbao zile anazijua. Mtu mzima hawezi kupiga magoti pale zisilie, na hazikulia. Halafu kimya. Yeye amesimama mbele ya watu maisha yake yote, anajua kimya cha watu waliochoka: viti vinalia, vikohozi vinaanza, mtu anatafuta funguo mfukoni. Na anajua kimya cha watu walioshikwa roho. Kile cha leo kilikuwa cha kushikwa roho. Mwigizaji aliyekaukwa sauti hapewi kimya cha namna ile, wala hapigiwi makofi ya namna ile.

"Siku ile nilicheka nimechelewa, lakini hakuna aliyenidanganya," alisema. "Niliachwa gizani, basi. Leo umekuja wewe, mwanangu, ukanishika mkono ukanipeleka pasipo. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akaingia chumbani. Bi Nong'ona akabaki amesimama sebuleni na mkoba begani, anaona aibu mpaka masikio yanamwaka. Alitaka kubisha mlango amwambie alifanya kwa mapenzi. Lakini hilo mzee alikuwa analijua tayari, na ndilo lililomkasirisha.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Wa kumchelea baba hawakumsema, labda walidhani hatatokea. Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuwa ukumbini kabla hata mlango wa ofisi haujafunguliwa. Hakupoteza muda kwa maamkizi marefu. Mazoezini, alisema, palikuwa na kofia. Aliisikia, aliipenda, Jumamosi aliishika kwa mikono yake kabla ya mchezo, akakaa akiisubiri. Imekwenda wapi?

Bi Nong'ona alimwambia ukweli wote, mwongozaji akiwa amesimama pale anasikia. Alieleza kuhusu baba yake, kidevu, mngurumo. Alidhani ataonewa huruma kidogo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alikuwa mmoja," alisema. "Na sisi wengine? Mwenye macho akihisi anadanganywa, anageuza uso anatazama mwenyewe. Mimi nigeukie wapi?"

Mwongozaji alijaribu kulainisha mambo, akasema wageni wote walifurahi, gazeti limesifu, pengine lisikuzwe. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hata njia ya mteremko ya kwanza waliisifu, wote wanaopanda kwa miguu. Mwongozaji akafanya la haki: akamwambia Bi Nong'ona kwamba Jumamosi inayofuata ni onyesho la mwisho, wageni wale wale wamealikwa tena, na atakayeamua kama akae kwenye kioo ni wao, baada ya yeye mwenyewe kuwaambia.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mzee alikula bila kusema chakula kina chumvi au hakina. Bi Nong'ona alipomuuliza kama atakwenda tena, alijibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na macho ndiyo hivyo hivyo.

Jumamosi Bi Nong'ona akaenda peke yake. Wageni walipokusanyika kushika vitu jukwaani, alisimama mbele yao, akawaambia. Aliwaambia bila kujipamba: mlinzi hakupiga magoti, sauti haikumkauka, niliyaona mengine nikawaambia mengine, kwa sababu ya mtu wangu mmoja aliyekuwa amekaa kati yenu. Yule kijana wa fimbo nyeupe alikunja uso, akasema wiki nzima amewasimulia watu kazini kwake habari ya mlinzi aliyekaukwa sauti, sasa atawaambia nini? Mama mmoja mzee akamjibu awaambie alikohoa akapona. Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mmoja aliondoka. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono, akaomba kidude chake cha masikioni, akakivaa. Wenzake wakamfuata, baadhi shingo upande.

Bi Nong'ona alipanda kwenye kijichumba chake. Taa za ukumbi zilikuwa zinafifia alipoona mlango wa nyuma umefunguliwa na mtu mrefu mwenye fimbo kwapani anaingia, anasukuma kiti cha magurudumu cha yule fundi cherehani, kila mmoja akimwongoza mwenzake kwa namna yake. Hakuwa amemtarajia. Mpaka leo mzee hajasema nani alimshawishi, wala mtu hakumuuliza. Akakaa, akavaa kidude.

Sasa ndiyo ilikuwa shughuli. Wiki iliyopita alikuwa na hofu asiyoijua. Leo aliijua kwa jina. Akasema mwanga, akasema mtoto anayepunga mkono, akasema fagio. Mpeleka habari akaja, akasema neno lake, akaenda zake. Na Bi Nong'ona, badala ya kumtazama baba yake, akamkazia macho Kinda.

"Anavua kofia," alisema. "Anaiweka juu ya ukuta wa daraja. Anaiondoa. Anaipeleka kwenye kiti. Anaiondoa. Anaitia kwapani. Anaitoa. Ameishika kwa mikono miwili. Anatazama kulia. Anatazama kushoto. Bado ameishika."

Akanyamaza, maana hapakuwa na kingine cha kuona. Kimya kile kikaja, na safari hii hapakuwa na mtu ukumbini aliyeachwa nje yake. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Yule kijana wa fimbo nyeupe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipothubutu kumtazama baba yake, alimkuta amekaa wima, hatikisiki, uso wake hausemi kitu. Alikuwa amevua kidude cha masikioni na amekishika mapajani. Bi Nong'ona alijua amempoteza. Akaendelea na kazi mpaka pazia likafunga, kwa sababu wengine bado walikuwa wanamsikiliza.

Walirudi nyumbani jua lingali juu. Aliandaa chai. Mzee akaketi mezani, amevaa koti na kofia yake, akamimina mwenyewe kwa kidole ukingoni, asinywe.

"Alinishinda," alisema.

Bi Nong'ona alikuwa na maneno mengi ya kuweka pale. Kwamba ni mitindo tu inabadilika, kwamba watu wa leo hawajui mngurumo, kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Yote yalifika kwenye ulimi.

"Ndiyo, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akauliza tena, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu cha woga ambacho binti yake hakuwahi kukisikia. "Na mimi? Miaka yote ile ulikuwa nyuma ya pazia, ulikuwa unanitazama. Mimi nilikuwaje? Sema ulichokiona."

"Ulikuwa mkubwa, baba. Watu hawakuweza kuangalia kwingine." Akasita, akapiga moyo konde. "Lakini walikuwa wanakuangalia wewe. Huyu kijana, walimsahau. Walimwona mtu aliyefiwa na mtoto."

Akasubiri kiti kisukumwe na mlango ubamizwe. Mzee aligusa kikombe, akakisogeza kando, akapangusa meza kwa kiganja kama anaondoa makombo.

"Nisimulie tena ile ya kofia," alisema. "Polepole. Alianza na mkono upi?"

"Wa kulia."

Mzee Radi akasimama. Akavua kofia yake kwa mkono wa kulia, haraka, kwa mbwembwe za jukwaani. Binti yake akamwambia hapana, kijana hakuivua hivyo. Aliivua kama hajui kama ameivua. Akairudisha kichwani, akaanza upya. Akaipeleka mezani, akaambiwa amekawia mno, akarudia. Akaitia kwapani, akaambiwa bega lishuke. Alirudia na kurudia bila kukasirika, mtu aliyekuwa hakosolewi na mwongozaji yeyote, na kila mara alikuwa anauliza, hivi? na kila mara binti yake alimjibu ukweli.

Kisha akafanya tena, na safari hii Bi Nong'ona hakujibu. Mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, mrefu, mkongwe, mikono miwili mbele, uso umegeukia dirisha lenye mwanga asiouona.

"Mbona kimya?" mzee aliuliza. "Unaona nini?"

"Naona umeshika kofia, baba," alisema Bi Nong'ona, "na hujui pa kuiweka."